Chokoleti ya Majina Tisa

Wewe uliiona ile sahani. Usikatae. Ilipita mbele yako ukumbini, vipande vyeusi vya chokoleti vilivyovunjwa kwa mkono, tende na zabibu kavu zikichomoza juu kama kokoto njiani baada ya mvua. Ukanyoosha mkono, ukachukua, ukasema tamu. Ukaisoma kadi iliyosimama pembeni, ukampigia makofi mwenye jina. Mikono iliyoishika sahani ilikuwa hapo hapo chini ya pua yako, kidole gumba kina kovu la maji ya moto, nawe ukatazama kando. Ulitazama kando wakati wa Mzungu. Ukatazama kando bendera ilipopanda. Shingo yako imezoea upande ule hata leo.

Basi kaa, usikie habari za mwenye mikono.

Jina lake Ngendo, wa Giakanja, mke wa Mutahi. Mwaka wa arobaini na tisa aliingia jikoni mwa memsahibu mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba upande wa Kiganjo. Wafanyakazi walimwita memsahibu huyo Bibi Funguo, kwa sababu alitembea na kishada cha funguo kiunoni. Kabati la sukari lilikuwa na kufuli, la chai lilikuwa na kufuli, na Ngendo aliapa kwamba siku moja aliliona kufuli kwenye debe la chumvi.

Bibi Funguo alipenda kitu kimoja kuliko mume wake na mbwa wake, na kitu hicho kilikuwa chokoleti ya matunda. Si ile ya kununua imefungwa tayari. Alitaka ya nyumbani. Unachukua mche wa chokoleti ya kupikia, unaukatakata, unauweka ndani ya bakuli, bakuli unaliketisha juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Inayeyuka. Unaipua, unaikoroga mbali na moto, unakoroga, unakoroga tena, mpaka joto lake lifanane na la mdomo wako. Hapo ndipo unaimwaga kwenye sinia lenye karatasi iliyopakwa siagi na kuitawanyia matunda makavu kabla haijashika. Baridi ya Nyeri inafanya kazi iliyobaki. Mwezi wa saba, ukungu ukikaa juu ya mji tangu asubuhi hadi jioni, sinia likiwekwa dirishani linakauka likiwa gumu na lenye kung'aa, na ukilivunja linalia *ta!* kama kijiti kikavu.

Lakini zabibu zilitoka mbali na chokoleti ilitoka mbali zaidi, na kwa akili ya Bibi Funguo mpishi Mwafrika alikuwa mdomo tu uliowekewa miguu. Kwa hiyo akatunga sheria yake.

"Imba, Ngendo. Nikusikie."

Mdomo unaoimba hautafuni. Yeye mwenyewe aliketi kibarazani na kikombe chake, akisikiliza. Wimbo ukikatika, hata kama Ngendo amepiga chafya tu, funguo zilianza kulia ukumbini zikija jikoni.

Ngendo akaimba. Alianza na wimbo wa kanisani, kwa Kigikuyu. Baadaye, mwaka wa hamsini na tatu, watu walipoanza kuchukuliwa na askari wa serikali, akabakiza sauti ya wimbo na kuyatupa maneno. Mahali pa maneno akatia majina. Kila ubeti jina moja la mtu wa kilima chao aliyechukuliwa, na la baba yake, na mahali nyumba yake iliposimama, na kitu kimoja ambacho watu walimpendea: huyu alikuwa anacheka kabla hajamaliza hadithi, huyu alikuwa na mbuzi anayemfuata mpaka kanisani. Bibi Funguo alikuwa ameishi Nyeri miaka ishirini na hakujua neno la Kigikuyu zaidi ya yale ya kuharakisha watu. Alikuwa akigongagonga mguu sakafuni kwa raha. Aliwaambia wageni wake kwamba mpishi wake ni mcha Mungu kupindukia.

Sasa sikia jambo ambalo hutalipenda.

Mwanzoni chokoleti ile haikuwa nzuri. Wimbo ulikuwa mfupi, Ngendo aliacha kukoroga ulipoisha, akamwaga ikiwa bado na moto, na kesho yake ikaamka na ukungu mweupe usoni, laini, haivunjiki. Bibi Funguo akanung'unika. Lakini watu waliendelea kuchukuliwa. Wimbo ukarefuka. Majina yakawa manne, yakawa sita, na kila jina likiongezeka, mkono ulikoroga zaidi, na chokoleti ikazidi kung'aa. Jina la nane lilikuwa Theuri wa Ngatia. Jina la tisa lilikuwa Mutahi.

Mutahi alitolewa kitandani mwake akiwa na kiatu kimoja. Hakurudi. Wala kiatu hakikurudi.

Mwezi ule ule Bibi Funguo alipeleka chokoleti kwenye maonyesho ya mapishi na akashika nafasi ya kwanza. Kadi ilikuwa na jina lake. Ulikula, ukasema tamu. Utamu ule ulikuwa na urefu wa watu tisa, na hukujua kwa sababu hukuuliza.

Uhuru ukaja. Bibi Funguo akauza shamba, akapanda ndege. Aliyenunua alikuwa Hezekiah, yule ambaye wakati wenzake walivaa pingu yeye alivaa bunduki ya serikali. Alinunua nyumba, ng'ombe na meza kubwa ya kulia, na Ngendo akanunuliwa pamoja na sufuria. Mke wa Hezekiah aliitwa Wangechi. Huyu alikuwa amesoma, alikuwa na sauti ya upole, na hakuwa na funguo kiunoni. Tena alikuwa binti wa Ngatia, mtu wa Giakanja, kilima kimoja na Ngendo. Theuri, lile jina la nane, alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Lakini ndani ya nyumba ya Hezekiah jina la Theuri halikutajwa. Picha yake haikuwepo ukutani. Wangechi aliulizwa na wageni wamezaliwa wangapi kwao, naye alijibu, "Tuko wasichana wawili," kisha akauliza nani anataka chai zaidi.

Kwa hiyo Ngendo alipopika chokoleti katika nyumba ile, aliimba na mdomo umefungwa. Aliunguruma tu, ubeti kwa ubeti, majina yakipita nyuma ya meno. Hakuna aliyemwamuru. Mkono ulikuwa umezoea wimbo, na yeye hakutaka kumuumiza mtoto wa watu. Chokoleti ikatoka vizuri. Wangechi akaipeleka kwenye maonyesho mwaka wa sitini na tano, wa sitini na sita, wa sitini na saba. Kadi ikasema: Bibi Hezekiah.

Mwezi wa tatu mwaka wa sitini na nane, Wangechi aliwaalika akina mama wa mjini sebuleni kwake awafundishe upishi. Ngendo alisimama na sinia. Mama mmoja akauliza hii chokoleti imetoka wapi, na Wangechi, bila ubaya wowote, kwa urahisi ule ule wa mtu anayejifuta mdomo, akasema, "Hii ni kichwa yangu tu. Nilijaribujaribu mpaka ikakubali."

Ngendo aliweka sinia mezani. Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti. Akatoka kwa mlango wa mbele, ambao hakuwahi kuupita tangu mwaka wa arobaini na tisa.

Hakuenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia Majengo, kwa Kibibi.

Kibibi alizaliwa pale pale Majengo ya Nyeri, baba Mswahili wa Pwani, mama Mnubi. Mume wake Sulemani aliuza tende, zabibu kavu na viungo katika chumba cha mbele, na Kibibi ndiye aliyekuwa akipeleka tende kwa Bibi Funguo miaka ile, kwa mlango wa nyuma. Hapo ndipo walipojuana na Ngendo, mmoja amebeba kikapu, mwingine ameshika mwiko. Siku zile ambazo Mgikuyu hakuweza kufika mjini bila kipande, ile pasi ya serikali, Kibibi alimletea chumvi na habari. Ulikuwa urafiki wa zaidi ya miaka kumi na tano, na haukuhitaji maelezo.

"Nimetoka," Ngendo alisema mlangoni.

"Umetoka wapi?"

"Kazi."

Kibibi akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaona hakuna aproni. "Alhamdulillahi. Nilidhani watakuzika nayo. Ingia, chai iko motoni."

Walikunywa kikombe cha kwanza. Katika cha pili Ngendo akasema alichokuwa akikitafuna njia nzima. "Kibibi, mwezi wa saba kuko na maonyesho. Mimi nataka kupeleka chokoleti. Na kadi iandikwe jina yangu."

"Basi?"

"Basi. Sitaki kitu ingine."

"Shoga yangu," Kibibi alisema, akamshika mkono wenye kovu, "miaka ishirini umewapikia watu, na unachotaka ni kipande cha karatasi. Ningekuwa mimi ningetaka na ng'ombe."

Wakacheka mpaka Sulemani akachungulia kujua kuna nini.

Miezi ile Ngendo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Plamu kavu alizotia Bibi Funguo kwenye chokoleti zilitoka kwenye mkebe, na Wangechi naye aliona mkebe ndio ustaarabu. Lakini nyuma ya nyumba ya Ngendo, Giakanja, kulikuwa na mti wa plamu aliouotesha Mutahi mwaka waliooana. Matunda ya msimu ule aliyapasua, akatoa kokwa, akayatandaza juu ya itara, ile dari ya fito iliyo juu ya meko ambako nyumba za Kigikuyu hukausha kuni. Yakawa huko wiki baada ya wiki, moshi ukipanda, matunda yakisinyaa, mpaka yakawa meusi na laini kama ngozi ya sikio, matamu, na nyuma ya utamu kuna moshi.

Kibibi akatafuta chokoleti. Akaipata kwa Mhindi wa barabara kuu, pakiti mbili tu. Mhindi akasema nyingine itakuja baada ya maonyesho.

Siku tatu kabla ya maonyesho, asubuhi ya ukungu mzito, Ngendo alishuka Majengo na kikapu cha plamu. Jiko la makaa likawashwa. Kibibi akakatakata tende. Sufuria ikachemka, bakuli likakaa juu, pakiti ya kwanza ikayeyuka ikang'aa kama jicho la ng'ombe. Ngendo akaipua, akakoroga kimya kabisa. Midomo aliikaza. Kisha akamwaga, akatawanya matunda, wakaweka sinia dirishani na kitambaa juu yake.

Jioni wakalifunua.

Kibibi akainua kipande kwa ncha. Kilipinda. Uso wake ulikuwa na madoa meupe meupe. "Shoga, hii ni chokoleti au ni ngozi ya kobe?"

"Si nimefanya kama kawaida!" Ngendo alisema. "Maji chini, bakuli juu, nikakoroga, nikamwaga. Ati ni nini nimekosea?"

Sulemani alimega, akatafuna. "Mimi naona tamu."

"Wewe," mkewe alimwambia, "ungekula sabuni ukiambiwa ina sukari. Rudi dukani."

Ngendo alikuwa amekaa kwenye kibao, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Pakiti ilikuwa imebaki moja. Ikiharibika hiyo, hakuna chokoleti, hakuna kadi, na mwaka ujao ni neno la watu wenye hakika ya kuuona.

Kibibi alikigusa tena kile kipande kilichopinda. Kisha akasema polepole, "Hukuimba."

"Nini?"

"Kule kwa Mzungu. Nilikuwa nikifika na kikapu nasikia wimbo kabla sijakuona. Nakaa pale ngazini, nangoja umalize, ndipo nabisha. Ulikuwa wimbo mrefu, Ngendo. Nilikuwa naweza kupumzisha miguu yote miwili. Leo umekoroga kidogo tu ukamwaga."

"Mimi siimbi tena. Hiyo wimbo ilikuwa ya amri. Nilitoka na aproni ikabaki, na wimbo ikabaki."

"Lakini saa yako ndiyo hiyo."

"Nitahesabu."

"Hesabu basi. Una saa ya mkononi? Unajua ni dakika ngapi?"

Ngendo hakujua. Hakuna mtu aliyewahi kuzipima.

"Ni wimbo wa kanisa tu," Kibibi alisema kwa upole. "Mungu hatakasirika ukiimbiwa nyumbani kwa Mwislamu."

"Si wimbo wa kanisa." Na hapo, kwa mara ya kwanza, Ngendo alimweleza mtu. Kigikuyu cha Kibibi kilikuwa cha sokoni, cha salamu, bei na matusi. Miaka yote ile pale ngazini alisikia sauti, hakusikia maneno. Sasa akaambiwa jina la kwanza, na la pili, na nyumba zao, na yule mwenye mbuzi. Waliokuwa wamerudi walikuwa watatu. Kibibi alikuwa bado ameshika kisu cha tende, hakukumbuka kukiweka chini.

"Na Mutahi yuko wapi katika wimbo?" aliuliza.

"Mwisho." Ngendo aliyatazama makaa. "Jina yake ikifika, ndio namwaga. Umeelewa? Kila mara nikifika kwa yeye ndio namwaga, na mama mwingine anapewa zawadi. Chokoleti ilikataa kukubali mpaka siku walimchukua. Mimi najua hiyo. Kwa nini nimuimbe tena?"

Kibibi akaja akaketi chini, karibu naye, bega kwa bega, kama watu wanaoota moto mmoja. Alikaa hivyo mpaka makaa yakavaa majivu.

"Kwa Mzungu alikuwa anaimbwa ili usile zabibu," alisema mwishowe. "Kwa Wangechi alikuwa anaimbwa ndani ya meno kama mwizi. Hajaimbwa bado kwa watu wanaomjua. Mimi nilikuletea habari zake, Ngendo. Mimi ndiye niliyekuja na ile habari ya mwisho, kwa mlango ule ule. Niimbie mimi."

Ngendo alichukua zabibu kavu moja kwenye ungo, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu mbele ya rafiki yake, kisha akachukua nyingine.

Asubuhi iliyofuata walianza tena. Pakiti ya mwisho ikayeyuka. Ngendo akaipua, akavuta pumzi, akaimba. Sauti ilikuwa imeshika kutu kidogo. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kufikia wa nne Kibibi alikuwa amedaka mkia wa kila ubeti na kuuitikia kwa Kigikuyu chake kibovu, na Ngendo akamsahihisha kwa kutikisa kichwa bila kuacha kukoroga. Ubeti wa sita, wa saba. Theuri wa Ngatia, aliyekuwa akipiga mluzi kwa vidole viwili mpaka ng'ambo ya bonde wanageuka. Chokoleti ilikuwa ikibadilika chini ya mwiko, ikawa nzito, ikawa na mng'ao wa ndani.

Ukafika wa tisa, na Ngendo akanyamaza. Mwiko ulisimama. 

Kibibi alitazama bakuli, akatazama uso ule. Kisha akaliita jina yeye mwenyewe, taratibu, kama la mtu anayeitwa ndani kuja kula kabla chakula hakijapoa: "Mutahi."

Ngendo akamwaga.

Wakatawanya matunda pamoja, plamu za Mutahi kwanza. Jioni, walipoivunja, ililia *ta!* Sulemani akaisikia kutoka dukani na akaja mbio, na safari hii hakufukuzwa.

Siku ya maonyesho, ukumbi ulijaa akina mama na harufu ya keki. Mezani mlangoni aliketi Wangechi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwandishi wa kamati mwaka ule, na kadi nyeupe ziko mbele yake. Kando yake alisimama mkaguzi wa mapishi, mama mmoja mwembamba aliyetumwa kutoka Nairobi, mwenye saa ya mkono na sura isiyopenda kupoteza wakati.

Wangechi aliona sinia, uso wake ukafunguka. "Haiya, Ngendo! Umeniletea! Nilikuwa nasema tu huyu hawezi kunitupa." Na kalamu ikaanza kwenda yenyewe, *Bibi H...*

"Hapana," Ngendo alisema. "Andika Ngendo wa Mutahi. Giakanja."

Kalamu ikasimama.

"Umesikia," Kibibi aliongeza kutoka nyuma. "Au tukutajie herufi moja moja, mama mwalimu?"

Wangechi alitazama kulia na kushoto. Foleni ilikuwa inasikiliza. "Si ubaya, Ngendo. Lakini kuko na sheria. Mwenye kadi lazima aeleze vile amepika, na muda. Muda wa kukoroga ni dakika ngapi?"

"Sijui dakika."

"Si unaona? Bila muda kadi haiwezi kukaa mezani. Mimi ningeweza kukusaidia, tuandike tu yangu vile ya kila mwaka..."

"Unapimaje, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Na wimbo."

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Alikunja mkono wa sweta, akaifunua saa yake. "Wimbo ni kipimo kizuri kama kingine. Imba, mama, tuone ni muda gani. Kwa sauti, nikusikie."

Nikusikie. Ngendo alisimama pale na neno lile. Angeweza kuunguruma. Meno yalijua kazi yao. Wangechi alikuwa mbele yake, na shanga zake na kalamu yake, na chini ya hizo alikuwa kasichana ka Ngatia kalikokuwa kakibebwa begani na kaka yake kwenda kanisani. Ngendo alikuwa amemhurumia miaka minne. Huruma ile ilikuwa imemsaidia nani?

Akafungua mdomo.

Kicheko kilikufa kwenye ubeti wa pili. Ukumbi ule ulikuwa na akina mama wa Giakanja, wa Gakindu, mmoja hata wa Kianyaga, na wote walisikia Kigikuyu. Kwenye ubeti wa tano mama mmoja mwenye trei ya mandazi aliiweka chini, akajifunika uso kwa leso. Lilikuwa jina la mtoto wake. Ngendo hakuacha. Wa sita, wa saba. Na wa nane: Theuri wa Ngatia, nyumba iliyo juu ya kisima, mluzi wa vidole viwili.

Kalamu ya Wangechi ilikuwa imegusa kadi, wino ukaanza kutanuka kama doa. Hakuiinua.

Wa tisa: Mutahi.

"Dakika saba," mkaguzi alisema, na sauti yake haikuwa ya haraka tena.

Wangechi alisema kwa Kigikuyu, chini chini, kama watu wa nyumba moja: "Ni Theuri wetu?"

"Ni Theuri wenu."

"Ulikuwa ukimwimba kwangu? Jikoni?"

"Nikiwa nimefunga mdomo."

"Na mimi nikaongeza sauti ya redio," Wangechi alisema. Alikuwa akilia bila kujificha, kama mtu aliyesahau kwamba yuko hadharani. Ngendo akavunja kona ya chokoleti, kipande chenye plamu, akampa mkononi. Wangechi akala. Moshi ulipofika nyuma ya ulimi, alifumba macho. "Hii ni itara," alisema. "Hii ni kwa mama."

Aliichana ile kadi yenye doa. Akachukua mpya na kuandika pole pole, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Ngendo wa Mutahi, Giakanja.* Palipoandikwa muda, mkaguzi alimwambia aweke dakika saba. Aliweka. Kisha akaigeuza kadi, na nyuma yake, kwa herufi ndogo ili yaenee, akaandika majina tisa. La kaka yake aliliandika sawa na mengine, wala halikuwa kubwa zaidi.

Kwa wanaopenda kujua nani alishinda, chokoleti ya Ngendo ilishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa keki ya ndizi.

"Keki ya ndizi!" Kibibi alilalamika njia nzima mpaka Majengo. "Kavu kama blanketi! Yule mkaguzi ana ulimi wa mbao."

"Wacha, Kibibi."

"Siwachi. Mwaka ujao tunarudi na tangawizi."

Ngendo alikuwa amebeba kadi ndani ya leso, karibu na kifua. Kila walipopita mahali penye mwanga mzuri aliifungua, akaitazama upande wa mbele, akaigeuza, akaitazama upande wa nyuma, akaikunja leso tena. Kibibi akaona, akamshika mkono.

Sasa wewe. Umemaliza kusoma na tayari unatafuta pa kutazama. Usigeuke. Yuko mtu anayekupikia, au aliyekupikia ukakua. Unamwita mama fulani, au unamwita wewe, au humwiti kabisa. Ana wimbo wake na ana watu wake, na siku zake si nyingi kama unavyodhani. Chukua karatasi na kalamu. Nenda jikoni, zima redio, keti chini pale alipo. Muulize jina lake lote, na la baba yake, na majina ya wale ambao hawakurudi. Yaandike mbele ya macho yake, umsomee, akusahihishe. Kisha karatasi hiyo iweke mezani, pale wageni wako wataiona kabla hawajanyoosha mkono.

Usingoje kesho. Simama sasa hivi.